Rangi ya Buluu Nyumbani Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo wenye nyumba, mafundi na wachoraji wa Lamu, pamoja na jirani zetu wa Malindi, hawaachi kuyauliza kila wanaposhika mkebe wa buluu. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo mwenye haja na chokaa tu aruke aende huko moja kwa moja. Ila usiache kupitia swali la 2 na la 10. Matatizo mengi yanayoletwa baada ya kazi kuharibika yalianzia kwenye mojawapo ya hayo mawili.

## Kabla ya kufungua mkebe

1. Nikifika dukani niseme nataka buluu gani?

Ukisema "buluu" na kunyamaza, utapewa mkebe ulio karibu na mkono wa muuzaji. Mwambie mambo matatu: imeegemea upande gani, imekoza kiasi gani, na itapakwa juu ya nini. Samawati ni nyepesi, ya mbingu isiyo na mawingu. Feruzi imeingia kijani. Nili imekoza na ndani yake mna wekundu wa mbali. Ipo pia buluu iliyofifia, yenye kijivu, ambayo watu wengi huipenda wakiiona ukutani kwa mtu ila hawajui waiitishe vipi. Hiyo imeelezwa katika swali la 7.

Chukua kipande cha kitambaa, kigae au hata ganda la rangi ya zamani uende nacho. Picha ya simu haifai. Kioo cha simu kinatoa mwanga chenyewe na ukuta hautoi, ndiyo maana buluu ya kwenye simu huwa inang'aa kuliko yoyote utakayoweza kuchanganyiwa.

2. Kwa nini buluu mbili zinazofanana mkebeni hutoa rangi tofauti zikitiwa nyeupe ile ile?

Kwa sababu hazikufanana tangu mwanzo. Buluu iliyokoza huonekana karibu nyeusi ikiwa mkebeni, na weusi huo huficha asili yake. Kila buluu ina upande iliouegemea. Ultramarini, ambayo ndiyo nili ya madukani kwa asili yake, imeegemea zambarau. Thalo, inayotumika kwenye rangi nyingi za viwandani siku hizi, imeegemea kijani. Kobalti iko katikati.

Kuzijua ni kazi ya dakika mbili. Weka tone la kila moja kwenye sahani nyeupe, utie nyeupe kidogo pembeni, kisha uvute kwa kidole mpaka zichanganyike. Palipo pepesi ndipo siri inapotoka: moja itakuwa ya mbingu yenye ubaridi wa kijani, nyingine itaelekea rangi ya zambarau iliyopauka. Halafu jaribu na manjano. Thalo itakupa kijani safi. Ultramarini itakupa kijani kichafu cha majani makavu, kwa kuwa wekundu uliomo unaua kijani. Ukizichanganya na nyekundu mambo hugeuka: ultramarini inatoa zambarau nzuri na thalo inachafuka.

Ukishajua egemeo la buluu yako, nusu ya maswali yaliyobaki yamejijibu.

3. Buluu hutengenezwa na nini, na kwa nini nyingine ni ghali hivyo?

Kwa karne nyingi buluu bora ya wachoraji ilikuwa jiwe la lapis lazuli kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, lililosagwa likawa unga. Bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Huku kwetu buluu tuliyoizoea ilikuwa ya nguo, ile nili ya majani iliyotia kaniki weusi wake. Kobalti ndiyo iliyopamba vyombo vya Kichina vya buluu na nyeupe, vyombo ambavyo vipande vyake vimefukuliwa Gedi na ambavyo wenye nyumba wa Lamu walivipanga kwenye zidaka, yaani mashubaka ya ukutani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1700 huko Berlin ikapatikana buluu ya Prusia, inayotokana na chuma. Katika miaka ya 1820 Wafaransa na Wajerumani wakagundua namna ya kuoka udongo, soda na kiberiti pamoja ili kupata ultramarini bila ya jiwe. Bei ikaanguka, na ultramarini ikashuka kutoka kwenye meza ya mchoraji hadi kwenye beseni la kufulia. Thalo, yenye shaba ndani yake, iliingia sokoni miaka ya 1930. Ina nguvu nyingi kwa bei ndogo, ndiyo maana imeenea. Kobalti bado ni madini ya bei, kwa hiyo mchoraji asishangae akiona kijitubu cha kobalti kinauzwa ghali kupita cha ultramarini kilicho kando yake.

Mwaka 2009 buluu nyingine mpya iligunduliwa kwa bahati katika maabara ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, kwa kutumia yitri, indi na manganisi. Usiiulizie kwenye maduka ya mtaa wa Langoni.

4. Naweza kuipata buluu kwa kuchanganya rangi nyingine?

Kwa rangi za ukutani, hapana. Kijani utakipata, zambarau utaipata, rangi ya chungwa utaipata, lakini buluu lazima ununue. Wapiga chapa hupata buluu kwa wino wao wa feruzi na wa waridi kali, lakini hao wana wino mwangavu juu ya karatasi nyeupe, si rangi nzito ya ukuta.

## Kuchanganya

5. Nianze na nyeupe au na buluu?

Anza na nyeupe, kila mara. Buluu ina nguvu, hasa thalo. Ukianza na buluu ukawa unaongeza nyeupe ili iwe nyepesi, utajikuta na ndoo tatu za rangi na chumba kimoja cha kupaka.

Chukua lita 4 za rangi nyeupe ya maji, uzimimine kwenye ndoo pana ili mwiko upate nafasi. Toa kikombe kimoja cha nyeupe hiyo, utie humo buluu kali ya chupa, ukoroge mpaka mistari yote ipotee. Hicho kikombe ndicho utakachokirudisha kwenye ndoo kijiko kwa kijiko. Buluu kali ikimwagwa moja kwa moja kwenye ndoo huacha vijidonge chini, navyo havionekani mpaka rola ivipasue ukutani, ukaona mstari mweusi umetambaa katikati ya samawati.

Koroga kutoka chini kwenda juu na ukwangue pembe za ndoo. Kisha paka kipande cha ubao au karatasi nzito, uache kikauke kabisa kabla ya kuongeza tena. Jicho likitazama ndoo ya buluu kwa muda mrefu huchoka na kukudanganya. Toka nje kidogo, tazama kitu kingine, rudi.

6. Vipimo vya samawati, feruzi na buluu ya usiku ni vipi?

Vipimo kamili havihamishiki, kwa sababu nguvu ya rangi ya chupa hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Njia ndiyo inayohamishika.

Samawati ya mbingu ya Lamu haitoki kwa buluu moja. Tia thalo na ultramarini nusu kwa nusu katika nyeupe nyingi. Thalo peke yake inakuwa ya ubaridi, ultramarini peke yake inaelekea zambarau ikifika jioni. Feruzi ni nyeupe, thalo, na manjano kidogo sana; manjano ikizidi tu umeshaingia kijani na hakuna njia nyepesi ya kurudi. Kwa rangi ya nili, tumia ultramarini na chembe ya nyeusi au kahawia.

Buluu ya usiku usijaribu kuitengeneza kutoka kwa mkebe wa nyeupe. Nyeupe iliyomo haitakubali rangi ikoze, na utamaliza chupa zote ukiwa bado uko kwenye buluu ya sare za shule. Dukani omba mkebe wa msingi usiotiwa nyeupe, ule unaotengenezewa rangi zilizokoza, uchanganyiwe kwa mashine.

7. Buluu yangu inachoma macho. Nitie nyeusi?

Watu wengi hukimbilia nyeusi, na wengi hujuta. Nyeusi hufanya buluu iwe nzito na ya huzuni bila kuituliza. Tia rangi iliyo kinyume chake: chungwa, au kahawia yenye wekundu wa udongo. Kidogo tu, kama ncha ya kijiti kwa lita nzima, uangalie. Makali yatashuka na kijivu laini kitaingia, na hiyo ndiyo ile buluu iliyofifia ya swali la 1.

Ikiwa ukuta umeshapakwa, si lazima uupake upya wote. Mara nyingine mkeka wa ukili, mlango wa mbao bila rangi, au pazia la rangi ya mchanga hutuliza chumba kuliko mkono mwingine wa rangi, yaani tabaka jingine.

8. Mbona rangi imekauka ikawa nyingine?

Rangi ya maji hukoza kidogo inapokauka. Chokaa hufanya kinyume, tena kwa mbali sana: ikiwa mbichi huonekana ya maji na yenye giza, ikikauka inapauka mpaka fundi mgeni anadhani ameibiwa rangi. Kwa hiyo chokaa ya buluu ichanganywe iwe imekoza kuliko unavyotaka, na uamuzi ufanywe juu ya kipande kilichokauka siku nzima.

9. Ndoo ya kwanza imeisha, ya pili haifanani. Nifanyeje?

Hesabu kabla ya kuanza. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 8 hadi 12 kwa mkono mmoja, kutegemea ukuta unavyonyonya. Chukua chumba chembamba cha kwetu chenye upana wa mita 2.5, urefu wa mita 6 na kuta za mita 3. Mzunguko wake ni mita 17, kuta zake mita za mraba 51. Kwa mikono miwili utahitaji kama lita 10, na zaidi ikiwa plasta ni kuukuu. Changanya zote siku moja, katika chombo kimoja.

Kama umeshachelewa, usiunganishe ndoo mbili katikati ya ukuta. Malizia kwenye kona. Jicho halilinganishi kwa urahisi kuta mbili zinazopokea mwanga tofauti, na tofauti ndogo itapotea hapo.

## Chokaa, matumbawe na chumvi

10. Naweza kutia nili ya kufulia ndani ya chokaa?

Unaweza, ikiwa nili yenyewe ni ultramarini. Kutia nili kidogo katika chokaa ili weupe uonekane mweupe zaidi ni desturi ya muda mrefu katika nchi nyingi, kwa sababu ile ile inayofanya kanzu nyeupe isuuzwe kwa nili: buluu chache huua umanjano. Ukiongeza unapata samawati.

Taabu ni kwamba si kila kinachouzwa kwa jina la nili ni ultramarini. Kuna zenye buluu ya Prusia, na kuna rangi za nguo za majimaji. Chokaa mbichi ni kali, na ukali huo unaivunja buluu ya Prusia ikabaki kahawia ya kutu. Ultramarini na kobalti zinastahimili chokaa, na thalo pia. Rangi za nguo hazina dhamana, na jua la hapa huzila haraka.

Kwa hiyo pima kwanza. Chukua chokaa iliyozimwa, kiasi cha vijiko vitatu, kwenye kisahani. Nyunyizia nili na maji, uponde kwa mgongo wa kijiko mpaka iwe uji wa samawati, kisha ufunike ulale hadi kesho. Ukikuta kingo zimeanza kuwa na rangi ya chai, hiyo nili irudi kwenye nguo. Ikibaki buluu ile ile, paka kidogo ukutani palipofichika uangalie tena baada ya siku kadhaa.

Ukipitisha, loweka unga wa rangi kwenye maji usiku kucha kabla ya kuutia kwenye chokaa, na usizidishe. Zaidi ya asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa chokaa, rangi haishikwi tena. Itakuwa inaachia unga kwenye kanzu ya kila anayeegemea ukuta. Linda macho yako unapokoroga. Chokaa ikiingia jichoni ni hatari, osha papo hapo kwa maji mengi na uende hospitali.

11. Ukuta ulikuwa buluu, sasa umekuwa kahawia. Ni unyevu?

Ikiwa kahawia imeenea sawasawa kila palipopakwa, si unyevu, ni buluu ya Prusia iliyokutana na chokaa. Tazama swali la 10. Ikiwa kahawia iko kwa madoa, hasa karibu na sakafu au chini ya paa, hapo ni maji, na hakuna rangi ya kuyaficha. Ziba njia ya maji kwanza.

12. Ukuta wangu ni wa matumbawe. Nipake rangi ya maji, ya mafuta, au chokaa?

Chokaa, kama ukuta bado una plasta yake ya asili. Kuta za mawe ya matumbawe zimebeba chumvi na unyevu tangu zilipojengwa, na zinajiponya kwa kuutoa unyevu huo kupitia usoni. Rangi ya mafuta huziba njia. Maji yakikosa pa kutokea yanabaki nyuma ya rangi, chumvi inaganda hapo, na siku moja unaona rangi imevimba, ukiigusa inabanduka na plasta yake. Hapo lawama hupewa fundi, au buluu. Kosa ni la kuziba.

Rangi ya maji ya kawaida ina nafuu kidogo, lakini nayo ikirudiwa mikono mingi miaka hadi miaka inakuwa ngozi. Kuta za saruji na matofali ya siku hizi hazina shida hii, zipake rangi ya maji bila wasiwasi. Ila saruji mbichi ni kali kama chokaa. Iache wiki kadhaa ikauke vizuri, vinginevyo rangi zisizostahimili chokaa zitapauka hapo pia.

Chumvi nyeupe ikiota juu ya buluu, usiioshe kwa maji. Utairudisha ndani ikatoke tena kesho. Ipanguse kikavu kwa brashi ngumu.

13. Niupake mikono mingapi?

Rangi ya maji miwili. Chokaa mitatu hadi mitano, myembamba kama maziwa, na ukuta uloweshwe kwanza kila mara. Mkono mmoja mzito hupasuka.

## Ndani ya nyumba

14. Vyumba vya Lamu ni vyembamba na havina mwanga. Buluu haitavifanya pango?

Wembamba wa vyumba vyetu uliamuliwa na boriti: mti wa mkoko hauvuki mbali bila kupinda. Mwanga nao unaingia kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani, ukipita msana wa tini, ule ukumbi mwembamba wa mbele, kisha msana wa yuu ulio nyuma yake, na ukifika ndani umeshachoka. Kwa hiyo huwezi kuwa na buluu moja ya nyumba nzima. Rangi ile ile itakuwa samawati msana wa mbele na kijivu huko nyuma.

Kadiri unavyoingia ndani, ongeza nyeupe na uchague buluu iliyoegemea zambarau. Thalo kwenye mwanga hafifu huonekana yenye ubaridi na ya kinyonga, mara kijani mara kijivu. Mwanga unapopungua, jicho letu huishiwa na nyekundu kwanza. Buluu hudumu zaidi. Kaa kiwandani magharibi ikiingia utazame leso nyekundu na ya buluu zilizoanikwa pamoja, ya kwanza kuwa nyeusi ni nyekundu. Kwa hiyo buluu nyepesi si adui wa chumba chenye giza. Iliyokoza ndiyo adui, labda uwe umekusudia chumba cha kulala mchana wakati wa kaskazi, na hapo ni raha tupu.

15. Zidaka nizipake buluu?

Mimi ningeziacha nyeupe. Nakshi za plasta husomwa kwa kivuli: kila mchongo unaonekana kwa sababu upande wake mmoja una mwanga na mwingine hauna. Ukipaka buluu iliyokoza unaua kivuli, na kazi ya fundi aliyechonga inakuwa bapa. Halafu tazama kivuli chenyewe juu ya chokaa nyeupe adhuhuri: kina ubuluu tayari. Buluu yako imo mle ndani bure.

Ukishindwa kabisa, paka ukuta wa nyuma wa kidaka peke yake, samawati iliyopauka, na mbele ubaki mweupe. Bakuli la buluu na nyeupe likiwekwa mbele yake litapotea kidogo. La shaba litatokeza.

16. Buluu inaendana na mbao za milango yetu?

Kuliko rangi nyingine yoyote. Mbao za msaji, mvule na bambakofi zina uchungwa ndani ya kahawia yake, na chungwa ndiyo kinyume cha buluu, kwa hiyo kila moja humtokeza mwenzake. Sharti mbao ziachwe wazi, zipate mafuta tu. Mlango wa kuchongwa ukipakwa rangi ya mafuta ya buluu umefunikwa nakshi, na kuitoa rangi hiyo katika mitaro ya mchoro ni kazi ya kuvunja moyo.

17. Usiku chumba kinabadilika rangi kabisa. Kwa nini?

Taa. Balbu ya mwanga wa manjano, ya karibu 2700K, ina buluu chache, na ukuta hauwezi kurudisha buluu usiyopewa. Samawati inakuwa kijivu cha kijanikijani. Balbu ya mwanga mweupe wa 6500K huihifadhi buluu lakini hufanya watu wote waonekane wagonjwa. Iliyo katikati, 4000K hivi, ndiyo nafuu. Kipande chako cha majaribio kitazame mchana na usiku kabla ya kununua lita 20.

18. Ni kweli buluu hufukuza nzi na mbu?

Usiitegemee. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu mbung'o huvutwa na buluu. Chandarua kibaki pale pale.

## Nje na baharini

19. Naruhusiwa kupaka nje ya nyumba yangu buluu katika Mji wa Kale?

Uliza kabla ya kununua. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mabadiliko ya sura ya nje ya majengo yake yanahitaji kupitia Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo ina ofisi mjini. Weupe wa chokaa na mawe yaliyo wazi ndiyo sura ya mji. Ndani ya daka lako, lile baraza la mlangoni, na kuingia ndani una uhuru zaidi. Nje ya eneo hilo mambo ni mepesi, ila jua na chumvi vitakuongoza: buluu iliyokoza hupata moto na huonyesha kila alama ya chumvi.

20. Na dau au mashua?

Rangi ya mafuta ya baharini kwa mbavu za juu, juu ya mbao zilizokauka na kupigwa msasa. Sehemu ya chini ni habari nyingine: huko wazee wamepaka shahamu, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, dhidi ya wadudu wanaotoboa mbao.

Lakini fikiri mara mbili kuhusu chombo cha buluu kitupu. Kikizima mashine nje ya kisiwa cha Manda, anayekutafuta ataangalia buluu juu ya buluu. Weka mkanda mpana wa chungwa au mweupe ubavuni.

21. Nipake msimu gani?

Epuka masika, Aprili hadi Juni. Unyevu hauachi rangi ikauke na chokaa itachukua ukungu. Wakati wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, ni mkavu lakini mkali: paka asubuhi, ukifuata kivuli. Rangi inayokauka chini ya jua la saa saba huacha mistari ya brashi.

## Kwa wachoraji

22. Bahari ichorwe kwa buluu gani?

Kwanza tazama kama ni buluu. Mkondo wa Lamu maji yakijaa na jua liko juu ni feruzi karibu na Shela na ultramarini katikati. Maji yakipwa, mikokoni kuna kijani cha matope na kahawia, na buluu imo kwenye vidimbwi tu vinavyoakisi mbingu. Malindi ni hadithi nyingine. Mto Sabaki unamwaga udongo mwekundu baharini, na kaskazi inausukuma kusini hadi kwenye ghuba ya mji, kwa hiyo kuna miezi ambayo mchoraji mkweli hapo atahitaji kahawia nyingi kuliko buluu. Kahawia hiyo ikikutana na kijani cha maji ya mbali hutoa mstari mkali juu ya bahari, na mstari huo unavutia kuliko bahari yote ya postikadi.

Upeo wa macho usiupake buluu kali. Kadiri kitu kinavyokuwa mbali, ndivyo kinavyopauka.

23. Sina nyeusi. Nifanyeje vivuli?

Changanya ultramarini na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu wa matofali. Hutoa giza karibu na nyeusi, na kwa kuongeza moja au nyingine unapata kivuli cha baridi au cha joto. Hata ukiwa na nyeusi, vivuli vya vichochoro vya mtaa wa Mkomani vinakuja vizuri zaidi hivi.

## Mambo ya pembeni

24. Nimesafisha doa kwa siki, pamebaki pa kweupe.

Asidi huua ultramarini. Siki, ndimu na dawa kali za vyoo zisiguse ukuta uliopakwa nili. Tumia kitambaa chenye maji tu. Palipopauka hapasafishiki, panapakwa.

25. Kuna rangi ya mafuta ya zamani sana chini. Niikwangue?

Rangi za mafuta za miaka ya nyuma zilikuwa na risasi mara nyingi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua taratibu, funika sakafu kwa nailoni, na watoto wahamie kwa bibi siku hiyo.

26. Punda amekwaruza ukuta wangu wa buluu kwa mzigo wa mawe. Nipakeje kiraka kisionekane?

Kwa chokaa inawezekana: lowesha, paka mikono miembamba ukisambaza kingo kwa brashi iliyokaukiwa, na baada ya wiki chache jua litavilinganisha. Kwa rangi ya maji kiraka huonekana hata kikitoka kwenye mkebe ule ule, kwa sababu ukuta umeshapauka na mkebe haukupauka. Jaza mkwaruzo, piga msasa, kisha paka upande mzima kutoka kona hadi kona. Na ikiwa kichochoro ni chembamba kiasi cha punda wawili kutopishana, fikiria kupaka kimo cha mzigo, kama mita moja na nusu kutoka chini, rangi iliyokoza zaidi, ili mwaka ujao urudie huko chini tu.